Tene na Tene

Katika makanisa yetu ya Embu, wazazi wetu walisoma Biblia ya Kikikuyu, na humo "milele" ni tene na tene. Lakini mwulize mzee wa Embu, au hata wa Meru, tene ni nini? Atakujibu: ni zamani, siku za mababu.

Mwaka 1969 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, aliandika kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati huelekea nyuma, na wakati ujao ni mfupi mno. Wengi walimpinga, na mabishano hayo ni marefu.

Je, mama anayemzika mtoto wake akiimba tene na tene, anaimbia siku zilizopita? Sisi twasema sivyo. Neno olam la Kiebrania nalo ni wakati wa mbali, uliofichika machoni, nyuma na mbele pia. Zaburi ya 90 yalitaja mara mbili katika mstari mmoja, kwa Mungu aliyekuwako kabla ya milima. Kwa huyo wa kale mama yule amemkabidhi mtoto.