Joto Lililofungwa Ndani ya Punje

Barafu ikiwekwa chunguni juu ya moto huyeyuka polepole, na maji yake hayapati moto mpaka barafu yote imekwisha. Joto lile limekwenda wapi? Yapata mwaka wa 1761 Joseph Black, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, alitambua ya kuwa kitu kiyeyukapo hulimeza joto na kulificha, nacho kigandapo hulirudisha.

Mwaka wa 1948 Maria Telkes, mzaliwa wa Hungary aliyehamia Marekani, alijaribu kuipasha nyumba nzima kwa siri hiyo. Nyumba ilijengwa Dover, Massachusetts, kwenye theluji nyingi. Aliyeichora ni Eleanor Raymond, na mwenye fedha ni Amelia Peabody, wanawake watupu. Jua lilipasha hewa nyuma ya vioo, na hewa ile ikapulizwa penye mapipa ya chumvi ya Glauber, iyeyukayo kwa digrii 32 hivi. Usiku chumvi iliganda, na joto likatoka.

Mambo yalikwenda vyema kwa muda, kisha yakaharibika. Kwa kuyeyuka na kuganda mara nyingi chumvi ilijitenga na maji yake ikatuama chini. Mapipa nayo yakala kutu, yakavuja. Watu waliilaumu chumvi. Mimi naona nusu ya lawama ni ya chombo: pipa ni kubwa mno.

Dawa ilitoka kwa watu wasiofikiria joto hata kidogo. Barrett Green, katika mji wa Dayton, Ohio, alitaka karatasi ya kunakili isiyochafua vidole. Alitawanya matone ya mafuta katika maji yenye jelatini na gundi ya mgunga, ile ambayo nyingi yake hutoka Sudani. Vitu hivyo viwili vikaungana, vikafunika kila tone kama utandu ufunikavyo maziwa. Kalamu ikikandamiza, punje hupasuka na kuacha alama.

Lakini punje ya joto haifai kupasuka. Katika miaka ya 1980 shirika la Marekani la safari za anga lilidhamini utafiti wa kutia punje za nta katika kitambaa cha glavu, kila punje nyembamba kuliko unywele. Nta huyeyuka na kuganda humo humo, wala haivuji. Baada ya mwaka wa 2000 Wajerumani walizichanganya punje za namna hiyo katika lipu ya kuta, na joto likarudi nyumbani, bila pipa hata moja.