Malezi Hayana Likizo

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, ilikuta Bonde la Ufa lina shule yake bila darasa. Kijana wa Kikalenjin alitahiriwa akaingia rika: Maina, Chumo, Sawe au Nyongi. Humo alifunzwa kulinda mifugo, kisha kulea familia, na uzeeni kuamua kesi kwenye kokwet, baraza la kijiji. Jina la rika huzunguka, likarudi kwa vitukuu baada ya miaka mia hivi.

Waislamu waliofuata reli walileta madrasa, na mtoto wa jirani ukimkuta na kosa ulimrudi kama wako.

Sasa jiulize: yule mzee wa mtaani kwenu anafuturu na nani? Mtume mwanao ampelekee uji, akae amsikilize. Wote wawili bado wanalelewa.