Rufiji Ipi? Metadata za Kimaana na Picha za Bonde la Chini la Rufiji

Picha ya gati la Nyamisati iliyopigwa mwaka 2011 na kuandikwa "Rufiji" haina kosa, ila leo inampoteza anayeitafuta. Sensa ya 2012 iliihesabu Nyamisati ndani ya Wilaya ya Rufiji, yenye makao makuu Utete. Ile ya 2022 iliikuta Kibiti, wilaya iliyomegwa katikati ya sensa hizo mbili. Tena Rufiji ni mto, ni delta, ni jimbo la uchaguzi. Hoja yangu ni kwamba yeyote anayetaka kuhifadhi picha, sauti na video za eneo hili aanze kwa kutenganisha kitu na jina lake, kabla hajawaza programu ya kununua.

Mazoea ni folda: "Rufiji", ndani yake "Mafuriko", ndani yake mwaka. Uhusiano wa picha na maana yake hubaki kichwani mwa mhifadhi, naye akihamishwa kituo anaondoka nao. Maneno ya utafutaji hupunguza tatizo bila kulimaliza, maana kwa kompyuta "Rufiji" ni herufi sita tu. Metadata za kimaana, yaani maelezo yanayounganisha vitu kwa viungo ambavyo mashine inaweza kuvifuata, huipa Nyamisati kitambulisho cha kudumu, kisha hueleza ilikuwa wilaya gani na kwa kipindi gani. Mipaka ikibadilika tena, hurekebishwa rekodi moja ya mahali, picha haziguswi.

Faida yenyewe huonekana vizuri zaidi Mombasa. Katika ngome ya Fort Jesus kuna mizinga ya meli mbili zilizopigana: Pegasus ya Waingereza, iliyoshambuliwa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, na Königsberg ya Wajerumani iliyoishambulia, ambayo nayo iliishia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yao wakaiburuta bara kuendeleza vita. Mtafiti aliyeko Utete akiandika "Rufiji" haioni picha ya mzinga wa Königsberg, kwa kuwa aliyeipiga aliandika "Fort Jesus" basi. Lakini picha ikisema inaonyesha mzinga fulani, mzinga ukisema ulitoka Königsberg, na meli ikisema ilizama Rufiji, mashine itafuata viungo hivyo yenyewe. Wala haitauchanganya na mzinga wa Pegasus ulioko ngome hiyohiyo.

Majina ya mikoko ya delta nayo yana mtego wake. Mkandaa ni *Ceriops tagal*, mchu ni *Avicennia marina*, na "mkoko" hutajwa kwa maana ya aina moja au ya msitu mzima. Hapo mkata nguzo wa Salale, huko deltani, ni mtaalamu kuliko mhifadhi wa Dar es Salaam, na jina alitumialo liandikwe sambamba na la kisayansi.

Watasema halmashauri haina fedha. Jedwali la kawaida linatosha: nini, wapi, lini, nani kapiga. Vipengele 15 vya Dublin Core, kiwango cha kimataifa cha metadata, vinaweza kusubiri, na vitambulisho vya bure vipo katika hifadhidata huria ya Wikidata tangu 2012. Upotevu mkubwa hutokea kabla ya jedwali. Picha za simu, kama za mafuriko ya Aprili 2024, zikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza viwianishi vya GPS na saa ya kupigwa. Mpokeaji aombe atumiwe kama faili, na jina la kijiji aliulize siku hiyohiyo.