Ngũgĩ alipanga vipi riwaya kwa tishu?

Stori ya Ngũgĩ wa Thiong'o na karatasi ya choo sote tunaijua. Alitupwa Kamiti, akaandika riwaya nzima kwa tishu. Tukifika hapo tunasema, manze, huyo mzee alikuwa noma, kisha tunaendelea na maisha. Lakini mimi nina madaftari matatu ya kupanga riwaya na sina hata sura moja ya riwaya yenyewe. Kwa hivyo swali langu ni lingine. Aliipanga vipi? Kwa seli huna ukuta wa kubandika vikaratasi na kuchora mishale ya nani alimuua nani.

Na usidhani hakuwa anajua kupanga. Huyu ndiye aliyeandika A Grain of Wheat, iliyotoka 1967, ambayo stori yake inaenda siku chache tu kabla ya Uhuru lakini kila mhusika anakurudisha nyuma kwa siri yake. Halafu 1977 ikaja Petals of Blood: mauaji ya watu watatu, washukiwa wanne, na miaka mingi ya kufukua. Hizo ni ploti za msomaji aliyekaa chini, kimya, na anaweza kurudi ukurasa wa 40 kuangalia ni nani huyo tena.

Mwaka huohuo ndio mambo yalibadilika. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ, ukachezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na wakulima na wafanyakazi wa pale. Hao watu hawakupewa tu mistari wakariri. Waliukosoa mchezo, wakasahihisha lugha, wakasema mzee haongei hivi. Serikali ikaupiga marufuku baada ya wiki chache. Mwisho wa Desemba polisi wakamchukua Ngũgĩ nyumbani. Hakushtakiwa mahakamani hata siku moja. Kamiti akawa nambari K6,77, seli ya 16.

Hapo ndani akaamua riwaya inayofuata itakuwa ya Kigĩkũyũ. Watu huisifu hiyo kama siasa ya lugha, na ni kweli, lakini mimi naona ilikuwa pia kazi ya ploti. Ukibadilisha lugha umebadilisha mtu unayemwandikia. Yule mama wa Limuru hatasoma akiwa peke yake chumbani. Atasomewa. Labda ataingia stori ikiwa katikati, labda atatoka kuangalia sufuria. Ploti ya vyumba saba na milango ya siri itampoteza.

Kwa hivyo mzee akachukua kitu ambacho kila Mkenya anakijua: safari ya matatu. Warĩĩnga amefutwa kazi, ameachwa na mpenzi, amefukuzwa kwa nyumba, anaondoka Nairobi kwenda Ilmorog. Gari ni la Mwaũra, kuukuu vibaya, linaitwa Matatu Matata Matamu. Fikiria vile hiyo matatu inafanya kazi. Inakusanya watu wasiojuana bila mwandishi kueleza wamekutanaje. Inawapa sababu ya kuongea, kwa sababu njia ni ndefu. Na kila abiria ana stori yake, inaanza na kuisha, kabla ya kushuka. Wote wanaenda mahali pamoja, na wewe msikilizaji unataka kujua huko kuna nini.

Huko kuna sherehe ya wezi. Pangoni, matajiri wanapanda jukwaani mmoja mmoja kushindana nani amewaibia wananchi vizuri zaidi. Tena ni stori moja moja, ukikosa ya kwanza utaipata ya pili. Na hao wezi aliwatoa kwa marimũ, yale mazimwi ya hadithi za Kigĩkũyũ yenye mdomo mwingine nyuma ya kichwa, umefunikwa na nywele. Hakuhitaji kueleza. Nyanya za watu walikuwa wameshaeleza.

Mimi sisomi Kigĩkũyũ, niliisoma kama Shetani Msalabani. Si kila kitu kiko sawa. Kuna mahali wahusika wanahutubia mpaka unataka kumwambia Mwaũra akushushe hapo mbele. Lakini sikupotea njia hata mara moja.

Septemba 1978, mwezi mmoja baada ya Kenyatta kufa, askari walipekua seli na kubeba ile tishu yote. Miezi ya kazi, na hakuna nakala nyingine popote duniani. Zilipita kama wiki tatu ndipo mkubwa wa jela akamrudishia. Tarehe 12 Desemba, siku ya Jamhuri, Ngũgĩ akaachiliwa.

Caitaani Mũtharaba-Inĩ ilitoka 1980. Heinemann walichapisha nakala 5,000 wakitarajia kuziuza kwa miaka, zikaisha kwa mwezi. Familia zilikaa jioni mmoja akiwasomea wengine. Ilisomwa kwa matatu. Na kwa baa, anasimulia Ngũgĩ mwenyewe, kulikuwa na watu waliowasomea walevi kwa sauti. Msomaji alikuwa anafika pale pazuri kabisa, anaangalia glasi yake, anaona imeisha, anaweka kitabu chini. Walevi wanapiga kelele, glasi inajazwa, stori inaendelea.