Lukuga na Mwambao wa Uvira

Ziwa Tanganyika hupokea maji kutoka pande nyingi. Upande wa kaskazini, Mto Ruzizi huleta maji ya Ziwa Kivu, na mjini Uvira mito ya Mulongwe na Kalimabenge hushuka kutoka milimani. Mto unaoyatoa maji ni mmoja tu, Lukuga, penye mji wa Kalemie, kiasi cha kilomita 280 kusini mwa Uvira. Maji mengi zaidi hupotea kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo, mvua zikipungua kwa miaka mingi, ziwa hushuka na Lukuga hukauka; tope na mafunjo hujaa mdomoni mwake na kuuziba.

Hali ilikuwa hiyo katikati ya karne ya 19. Mwaka 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakaambiwa na wenyeji kwamba Ruzizi huingia ziwani. Wapelelezi wengine, Livingstone na Stanley, walilithibitisha hilo mwaka 1871, kwa hiyo njia ya maji kutoka ziwani ilibidi itafutwe kwingine. Mpelelezi Cameron alifika Lukuga mwaka 1874, akaukuta umesongwa na mimea. Stanley alipoukagua mwaka 1876, maji yalikuwa yakipanda, naye akatabiri kwamba yangepita juu ya kizuizi.

Mwaka 1878 kizuizi kilivunjika. Hore, mmisionari Mwingereza, aliona mwaka uliofuata maji yakitoka kwa nguvu. Mkondo ulizidi kuchimba njia yake, na hadi miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10. Mji wa Ujiji, kwenye ufuo wa mashariki, ukabaki mbali na maji. Huko Uvira, ambako nchi tambarare kati ya ziwa na milima ni nyembamba, ukanda mpya wa ardhi ulijitokeza. Watu wakaulima na kujenga juu yake.

Tangu hapo Lukuga haujalizuia ziwa kupanda kila mvua zinapozidi. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililipandisha hadi kilele cha 1964. Kati ya 2020 na 2024 lilipanda tena, likafunika nyumba na barabara za kando ya maji, Uvira na Bujumbura vilevile. Maji hayo yalirudi juu ya sehemu ya ardhi iliyokuwa chini ya ziwa kabla ya 1878, na hata hivyo yalibaki mita kadhaa chini ya kimo cha wakati ule. Anayegawa viwanja mwambaoni anapaswa kukijua kimo hicho, kwa kuwa usalama wa familia zitakazojenga hapo unakitegemea.