Moyo wa Panya Aliyelazwa kwa Sindano

Mwaka 1962 ulizaa dawa mbili ambazo baadaye zilikutana ndani ya bomba moja la sindano. Marekani, mkemia Calvin Stevens alitengeneza ketamini kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis. Ujerumani, Bayer ikapata zailazini, iliyokusudiwa kutibu shinikizo la juu la damu. Ketamini huuhimiza moyo na kuongeza damu iendayo ubongoni. Zailazini ilishusha shinikizo na mapigo ya binadamu kupita kiasi, ikaachiwa madaktari wa mifugo. Maabara zilizichanganya kwa sababu ya misuli: ketamini peke yake humwacha panya amekakamaa, zailazini humlegeza. Mchanganyiko ulichaguliwa ili kumrahisishia kazi mpasuaji, moyo haukuulizwa.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya yale tuliyoyaita mzunguko wa kawaida wa damu ya panya ni mzunguko wa panya aliyelewa dawa. Akiwa macho, moyo wake hupiga kama mara 300 hadi 450 kwa dakika. Chini ya mchanganyiko huo mapigo mara nyingi hushuka hadi mia mbili na kitu. Shinikizo hupanda kidogo kwanza, zailazini inapobana mishipa, kisha huteremka. Mwili nao hupoa, na asipotiwa joto moyo huzidi kuzubaa. Pentobabitali, iliyotamba tangu miaka ya 1930, haikuwa na huruma zaidi: hudhoofisha msukumo wa moyo na pumzi, na dozi ikishadungwa tumboni hairudishwi.

Watetezi husema panya wa kulinganishia hupewa dawa ileile, hivyo tofauti inayoonekana ni ya kweli. Ingekuwa hivyo kama usingizi ungepunguza kiasi kilekile kwa kila panya. Lakini dawa hizi huvuruga mfumo wenyewe unaosawazisha shinikizo, na kitu kinachojaribiwa huenda kikakuta vipokezi vyake vimeshakaliwa na zailazini. Hapo kulinganisha hakuokoi kitu.

Wapo pia wanaouliza: je, apasuliwe akiwa macho? Hasha, na hakuna anayedai hivyo. Suala ni usingizi upi. Mwaka 1943 ilibainika kuwa yurethani, dawa kongwe ya karne ya 19, husababisha uvimbe wa saratani kwenye mapafu ya panya wadogo. Watafiti wa mzunguko wa damu hawakuitupa, kwa kuwa huibakiza mifumo hiyo ya kusawazisha ikifanya kazi vizuri kiasi. Waliiweka kwa majaribio ambayo panya hatakiwi kuamka baada yake.