Nembo, Kamera na Simu: Mwili wa Mwanamume Mtwara

Mwanamume wa Kimakonde wa karne ya 19 alitambulika kwa ngozi yake kabla hajataja jina. Kwenye uwanda wa juu wa Newala, na ng'ambo ya Mto Ruvuma huko Mueda, vijana walichanjwa nembo usoni, kifuani na mgongoni. Fundi alikata ngozi kwa kisu kidogo kilichofuliwa na mhunzi, akasugua masizi ya mkaa ndani ya jeraha, na kidonda kilipopona kikaacha mistari iliyoinuka, yenye weusi wa kibuluu. Mistari ilirudiwa mara kadhaa mpaka ikolee. David Livingstone, aliyeshuka pwani karibu na Mikindani mwaka 1866 na kuufuata Ruvuma kwenda bara, aliandika habari za chale hizo na jinsi zilivyochanjwa.

Nembo zilisomwa na watu waliojua kuzisoma. Zilieleza mtu ni wa wapi, kwamba amekua, na kwamba aliustahimili uchungu bila kukimbia. Wengi walichonga meno pia. Uzuri wa mwanamume haukuwa wa kuzaliwa nao tu. Ulikuwa kazi iliyofanywa juu ya mwili wake, mbele ya jamaa waliomfahamu tangu utotoni.

Pwani ilisoma kwa herufi nyingine. Mikindani, bandari ya zamani ya majahazi, heshima ya mwanamume ilikuwa katika kanzu, kofia, usafi wa mwili na mwendo wa taratibu. Mwungwana Mwislamu hakuchanjwa, na chale zilihesabiwa kuwa ushenzi. Mmakonde aliyeteremka na mpira wa porini au sandarusi alikwisha kuhukumiwa kabla ya kutoa salamu. Uislamu ulipoenea uwandani, na misheni za Kianglikana zilizoanzia Masasi mwaka 1876 zilipoingia vijijini, hukumu hiyo ilipanda nao mlima. Jando likaendelea, tena kwa nguvu, lakini nembo zikaanza kuonewa haya.

Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijapoa, alikuja Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Alizunguka Masasi, Newala na uwanda wa Makonde akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema, akisindikizwa na askari wa serikali ya Kijerumani. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kwa Kiingereza. Hapa ndipo jambo zito lilipotokea, zito kuliko kufifia kwa nembo zenyewe: mwili wa mtu wa Kusini ulionekana na maelfu ya watu ambao hawakumjua, na ambao hangewajua kamwe. Mtu mwenye ukoo, shamba na wajukuu akawa mfano wa "kabila". Picha ilibeba mistari ya uso wake na kuacha maana yake Newala.

Kazi za vibarua ziliipeleka sura hiyo mbali zaidi. Wamakonde wa Msumbiji, waliokimbia kazi za shuruti za Wareno, walivuka Ruvuma kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, Mikindani na Tanga. Wengine walifika hadi Kwale, Kenya, ambako wazao wao walisubiri hadi 2016 na 2017 kutambuliwa kuwa raia. Watu waliwaita wahamiaji hao Wamawia, wakawaogopa. Dar es Salaam wengi wao walipata kazi ya ulinzi wa usiku, kwa kuwa uso wenye chale ulidhaniwa kumtisha mwizi. Waliajiriwa kwa sifa ya ukali ambayo hawakuitafuta. Ni dhuluma kumpa mtu mkate kwa sababu ya kumwogopa.

Baada ya uhuru, serikali nayo ilishughulikia miili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamasai walishinikizwa kuvaa suruali, na Umoja wa Vijana wa TANU ukaendesha Operesheni Vijana dhidi ya mavazi yaliyoitwa ya kigeni, zikiwemo suruali za kubana. Mwanamume wa kupigiwa mfano akawa mkulima au mfanyakazi mwenye shati safi. Mijini kitambi kilimtambulisha mkubwa wa ofisi, na watu walikisifu. Wazazi wa Newala waliacha kuwachanja watoto wao.

Simu za kisasa zimegeuza tena vipimo. Kitambi kinafichwa, kinachooneshwa ni kifua kipana na tumbo lililogawanyika vipande, mwili wa miraba minne uliojengwa jimu na kupigwa picha kwenye mwanga mzuri. Wavuvi wa Msimbati na Msangamkuu wamekuwa na mabega hayo kwa vizazi, kwa kuvuta nyavu na kupiga kasia, wala hakuna aliyewahi kuyahesabu kuwa urembo. Mtandaoni mabega yaleyale hupimwa na watu wasiojua kama yametokana na chuma cha jimu au na bahari, na kijana mwembamba wa Tandahimba hujilinganisha na picha iliyochaguliwa kati ya nyingi zilizofutwa. Tofauti na enzi za Weule, mpiga picha na anayepigwa picha sasa ni mtu mmoja. Mtazamaji ndiye aliyebaki mgeni.

Hata hivyo uwezo wa kuchagua picha yako si jambo dogo. Harmonize, mwanamuziki mzaliwa wa mkoa wa Mtwara, alijiita Konde Boy, na mwaka 2019 akaanzisha Konde Music Worldwide. Mashabiki wake mtandaoni wameona misuli, tatuu na mavazi ya gharama vikiambatana na jina la Wamakonde, ambalo mjini lilikuwa la kutania walinzi. Tatuu hizo si nembo za wazee: kila mtu hujichagulia mchoro wake, na hauhitaji ukoo wa kuusoma.